Jina la Cucu Mara Tatu kwenye TV

Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la nyanya yake mzaa baba, ambaye sisi humwita cucu. Sasa cucu wetu alizaa wavulana watatu, wote wakaoa, na kila mmoja akapata msichana. Kwa hivyo tuko wajukuu watatu wenye jina moja, na cucu mwenyewe wa nne. Nyumbani jambo hili halisumbui mtu, tunatofautishwa kwa mahali tunapoishi. Kuna wa Membley, kuna wa Kamakis, na kuna mimi, wa Gatuanyaga. Wa Membley ana miaka ishirini, yuko chuo, na akiingia chumbani hata mapazia yanajua. Wa Kamakis ana miaka tisa na maswali mia. Mimi nina kumi na sita, niko kidato cha tatu, na ndiye watu husahau kuhesabu wakati wa kupakua chakula.

Likizo iliyopita kulikuwa na mkutano wa familia, na wajukuu tukaambiwa tusimame mmoja mmoja tujitambulishe. Nilisimama. Nikaangalia zipu ya jaketi yangu. Nikaiangalia sana, naijua hadi leo. Wa Membley alingoja, akaona hakuna kitu kinakuja, akaniokoa: "Huyu anaitwa kama mimi. Ni yule mwingine." Watu wakacheka, bila ubaya wowote, nami nikaketi. Tangu siku hiyo ni hivyo. Yule mwingine amekula? Yule mwingine atalala wapi?

Kwa hivyo Jumamosi, cucu aliposema nimsindikize Membley tukale chakula cha mchana kwa mwanawe mkubwa, nilikuwa na ombi moja tu: jioni nirudi Gatuanyaga nikiwa na jina langu.

Tulikula, pamoja na wa Kamakis, ambaye alikuwa amekuja kutembea. Sikusema neno zaidi ya asante. Baba mkubwa aliuliza shule inaendeleaje, na cucu, ambaye tunaishi naye boma moja, akanijibia kwamba shule inaendelea vizuri. Ombi langu lilikuwa linaelekea kufa kabla ya matunda.

Halafu ndugu ya wa Membley akawasha TV. Huyu alimaliza kidato cha nne mwaka jana na anangojea kwenda chuo, na wakati huu wa kungoja ameugeuza kazi: kila kitu chenye waya ndani ya nyumba hiyo amekifungua na kukifunga tena. Akatangaza kwamba amenunua mkusanyiko wa gemu, gemu tano ndani ya moja, za kuchezwa na watu wengi.

Mimi gemu nilizozijua ni zile za magari na za kupigana. Watu wawili wanashika vile vidude vyenye vibonye vingi kuliko vidole vyangu, na wengine wote wanakaa nyuma wakisema "piga, piga". Nilijipanga kukaa nyuma. Katika kukaa nyuma mimi ni mtaalamu.

"Hakuna vidude," akasema. "Kila mtu atoe simu."

Ikawa hivi. TV inaonyesha herufi nne. Unaziandika kwa simu yako, unaweka jina lako, basi umeingia, na hiyo simu ndiyo unachezea. Swali linatokea kwenye TV, kila mtu anaandika jibu lake kimya kimya, majibu yanaonyeshwa bila majina, watu wanapigia kura lile lililowachekesha zaidi. Ni baada ya kura ndipo jina la mwandishi linatokea. Nilisikia maneno mawili tu katika maelezo hayo yote: kimya kimya.

Mimi sina simu. Cucu ana ile ndogo ya tochi. Tata, yaani shangazi, mke wa baba mkubwa, alinisikia nikisema sina, ambayo ni ajabu kwa sababu sikuwa nimesema kwa sauti, akanitolea yake kutoka jikoni ikiwa na unga kwenye kona. "Chukua hii. Lakini grupu ya kina mama wa kanisa ikiongea, usijibu mtu."

Tukawa wachezaji watano: baba mkubwa, mwenye miwani yake juu ya paji la uso, kijana wake, na sisi watatu. Cucu alikaa kwenye kiti kikubwa akitazama, na wa Kamakis akajibana kando yake na simu ya zamani ya wa Membley. Tukaandika majina. Kwenye TV likatokea la baba mkubwa, likatokea la kijana wake, halafu jina la cucu, jina la cucu, jina la cucu.

"Ai, nyinyi," kijana akasema. "Hakuna hata mmoja amefikiria kuweka nickname?"

"Lakini ndilo jina langu," akasema wa Kamakis.

"Ni langu pia," akasema wa Membley. "Na mimi nililipata kwanza."

Mimi sikusema kitu, lakini lilikuwa langu pia.

Alitaka tutoke wote tuanze upya. Cucu akamzuia kwa mkono. Alikuwa anaangalia jina lake kwenye TV, kubwa kama la mtu wa habari, mara tatu. "Wacha hapo," akasema. "Limekaa vizuri." Na cucu akisema wacha, unawacha.

Swali la kwanza lilikuwa kuhusu zawadi mbaya ya kumpa mwalimu. Maswali yalikuja kwa Kiingereza na kijana akawa mkalimani wa cucu. Mimi niliandika Kiingereza safi cha insha, sentensi kamili, na nukta mwishoni. Nilipata sifuri. Lilipotokea jina la cucu chini ya jibu langu, baba mkubwa akauliza, "Nani huyu ameandika kama ripoti ya chief?" Wa Membley akamwangalia wa Kamakis. Wa Kamakis akamwangalia wa Membley. Hakuna aliyeniangalia mimi.

Hapo ndipo kitu kilinifungukia. Aibu hiyo haikuwa yangu peke yangu. Ilikuwa imegawanywa mara tatu, mara nne ukihesabu cucu, na kipande nilichobaki nacho kilikuwa kidogo hata sikukihisi. Ningeweza kuandika chochote.

Swali la pili: jambo ambalo hutaki kusikia kinyozi akikuambia. Wengine walikuwa bado wanakuna vichwa. Simu ya tata ilikuwa inateremsha ujumbe wa kina mama wa kanisa juu ya skrini, Amina, Amina, Amina, nikawa nazipangusa kwa kidole ili nione ninachoandika. Nikaandika vile huwa naongea kichwani: *Kabla nianze, tufunge macho tuombe.*

Nilipata kura nne, yaani kila mtu isipokuwa mimi. Baba mkubwa alicheka hadi miwani ikashuka yenyewe kutoka kwenye paji hadi puani. Kijana akalala kwenye kapeti. Jina la cucu likatokea, na baba mkubwa akamnyooshea binti yake kidole. "Nilijua tu. Huyu ni huyu wangu."

"Si mimi, baba."

"Ni nani basi?"

"Aki si mimi. Mimi nimeandika ile ya sikio."

"Usijifanye," kaka yake akamwambia kutoka chini. "Ni wewe."

Huyo ndiye mtu wa vichekesho katika familia yetu, na hata akikana anaonekana anachekesha. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kile kistuli cha kuwekea miguu, nikiwa nimeshika simu ya tata kwa mikono miwili. Watu wanne walikuwa wamecheka kwa sababu yangu, wakati mmoja, ndani ya chumba kimoja. Sikuwa najua jambo hilo linawezekana.

Swali la tatu likauliza sababu mbaya ya kuchelewa harusini. Hapa lazima nieleze jambo ambalo watu wawili tu walilijua. Mwaka jana mbuzi wa cucu alikula kadi ya mwaliko wa harusi. Tulijua siku, hatukujua kanisa. Cucu alikataa kumpigia mtu simu kuuliza, eti ataonekana hakujali kadi, kwa hivyo tulivaa, tukafuata gari la kwanza lenye maua, tukaingia, tukaimba, tukala pilau, na ni wakati wa kupeana zawadi ndipo cucu alimuuliza mama aliyekaa karibu kwa nini bwana harusi amekuwa mrefu hivyo. Tuliapa hatutamwambia mtu.

Nikaandika: *Mbuzi alikula kadi, kwa hivyo yeye ndiye anajua kanisa.*

Nikashinda tena. Lakini safari hii kicheko kimoja kilikuja kimechelewa. Kijana alipomaliza kumtafsiria cucu swali na kumsomea majibu, cucu alifunika mdomo na kitambaa chake, mabega yakaanza kwenda juu na chini, na yakaendelea wakati wengine wote walikuwa wameshanyamaza. Macho yake yakanipata pale kwenye kistuli. Akayaacha hapo kidogo, kisha akayaondoa.

"Sasa nimejua," wa Membley akasema. "Si mimi, na huyu mtoto hawezi kuandika hivyo. Ni cucu. Cucu anamnong'onezea."

"Ni mimi," akasema wa Kamakis, ambaye amekuwa akidai kila ushindi tangu mwanzo.

"Cucu, unamwambia?"

"Mimi?" cucu akasema. "Mimi hata hiyo simu sioni imeandikwa nini."

Jambo hilo likawafanya waamini kabisa. Baba mkubwa akampongeza mama yake. Wa Kamakis akagonganisha viganja na kila mtu. Nami, niseme ukweli, nilimwonea wivu mtoto wa miaka tisa. Neno "ni mimi" lilifika hadi kwenye meno. Ni maneno mawili, mafupi, hata hayana herufi ngumu. Nikayameza.

Tulipobadilisha gemu kukawa na moja ya kuchora kwa kidole, ambapo unachora kitu wengine wanakisia. Baba mkubwa alichora kitu ambacho sote tulisema ni kiazi, na kilikuwa mfalme. Alikataa kabisa. "Angalia taji." "Hayo ni macho ya kiazi, baba." Katikati ya zogo hilo cucu alisimama kwenda kunawa, na alipopita kando yangu akainama kama anatafuta kiatu.

"Mbuzi wangu unamtangaza," akasema polepole.

"Pole, cucu."

"Sikusema uombe pole. Mbona hujawaambia?"

"Waambie wewe."

"Nikisema mimi, utakuwa umesemewa tena." Akaenda zake.

Gemu ya mwisho ndiyo ilinimaliza. Ilianza vizuri. Kila mtu anaandika shida ya maisha, TV inazichanganya, unapewa ya mwenzako. Unabuni kifaa cha kuitatua, unakichora kwa simu, unakipa jina. Mimi nilipata shida hii: wageni ambao hawaendi nyumbani. Nadhani ilitoka kwa baba mkubwa. Nikachora, nikawa nacheka peke yangu nikichora, nikabonyeza tuma. Ndipo kijana akasoma maelezo yaliyobaki.

"Sasa unasimama mbele unatuuzia. Kwa mdomo."

TV ikapiga tarumbeta na kuandika: anayeanza ni, halafu jina la cucu.

Wa Membley alikuwa ameshafika mbele, anavuta sketi yake vizuri. Aliangalia simu. "Yangu inasema ningoje."

"Basi ni mtoto."

"Yangu pia inasema ningoje," akasema wa Kamakis, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuongeza kitu.

Simu ya tata ilikuwa inatetemeka mikononi mwangu. Chini kulikuwa na kibonye cha kijani: niko tayari. Vichwa vikageuka kimoja kimoja. Tata mwenyewe alikuwa kwenye mlango wa jikoni na mwiko mkononi.

"Kumbe ni yule mwingine," akasema baba mkubwa.

Nilifikiria kusema simu imezima. Nilikuwa tayari na uongo huo, na ungekubalika; wangesema haya, tuendelee, na wa Membley angeniuzia. Nikamtazama cucu. Cucu alikuwa anaangalia dirishani, makusudi, kama mtu aliyeona ng'ombe wake nje, na Membley hakuna ng'ombe.

Nikasimama. Nikafika mbele. Zipu ya jaketi ikaniita na sikuitazama. Nilifungua mdomo bila kujua kitakachotoka, na kikatoka kitu pekee ambacho nimewahi kusikia watu wakisema wakisimama mbele ya wengine.

"Bwana asifiwe."

Halafu cucu, bila kucheka, kwa sababu hivyo ndivyo inavyojibiwa, akasema, "Amina."

"Bwana asifiwe tena."

"Amina," wakajibu wote. Hawangeweza kujizuia. Hata kijana pale kwenye kapeti alijibu.

"Kwa majina naitwa," nikasema, na nikalitaja jina la cucu, jina langu, lote, na la baba yangu nyuma yake. "Nimetoka Gatuanyaga. Watu wa huko wanawasalimu. Nashukuru kwa nafasi hii niliyopewa."

Baba mkubwa alikuwa ameanza kutingisika. Wa Membley alikuwa ameshika mdomo. Sikuwa nachekesha, naapa, nilikuwa natafuta tu mahali pa kushika, lakini kile kicheko kilinibeba kama mtu anakushika kiwiko ukivuka matope. Kwenye TV mchoro wangu ulikuwa umetokea: kiti chenye miguu minne na mdomo.

"Nimewaletea kiti. Kinaitwa Kiti cha Kuaga. Mgeni akikaa, kinanyamaza. Chai ya kwanza, kinanyamaza. Chai ya pili, kinapata joto kidogo. Mgeni akisema 'hata nilikuwa naelekea', na haelekei, kiti kinakohoa. Akiongeza hadithi nyingine, kiti kinasema: basi, kabla hatujaachana, tufunge macho tuombe. Na nyinyi mnajua, mkishasema Amina, hakuna mtu anaweza kukaa tena. Hata awe nani."

"Niletee viwili," tata akasema kutoka mlangoni.

"Na mzee wa kanisa akikikalia?" baba mkubwa akauliza, machozi yakimtoka.

"Huyo ndiye amekifundisha."

Sijui jibu hilo lilitoka wapi. Lilitoka tu, kwa sauti, na mbele za watu. Baba mkubwa akalala kwenye mkono wa kochi.

Wa Membley ndiye aliyeinua kidole. Hakuwa anacheka tena, alikuwa anahesabu. "Ngoja. Maombi hapa. Maombi kwa kinyozi." Akanijia karibu. "Ni wewe wa kinyozi."

Nikasema, "Ni mimi." Maneno mawili. Hayakuwa na uzito wowote.

"Na mbuzi?"

"Ni mimi. Lakini mbuzi ni wa kweli."

"Wa kweli vipi?"

Nikamtazama cucu, safari hii nikiomba ruhusa. Cucu akavuta kitambaa juu ya uso wote na kutoka ndani yake akasema, "Ongea. Nimeshakufa." Nikawasimulia: kadi, gari la maua, pilau, na bwana harusi aliyekuwa amerefuka. Nikasimulia nikiwa nimesimama, na mikono ikawa inaonyesha urefu wa bwana harusi bila kuniuliza. Kijana alisahau kwamba kuna gemu. TV ilikuwa inangoja na kupiga kimuziki chake cha kungoja.

"Na mimi mchana wote nimebeba sifa zako," wa Membley akasema. "Nimesema si mimi hadi nikachoka."

"Nilikuwa nimewaambia ni mimi," akasema wa Kamakis kwa huzuni.

Alama zilipojumlishwa, TV ikarusha karatasi za rangi na kuandika mshindi ni jina la cucu. Wa pili, jina la cucu. Wa nne, jina la cucu. Wa tatu alikuwa kijana, na baba mkubwa na kiazi chake wakashika mkia. Cucu akafunua uso, akaangalia skrini, na kusema kwamba nyumba yake imefanya vizuri.

Tata akaleta chai. Kisha akaleta ya pili, na kila mtu akaangalia kiti cha cucu kama kitakohoa. Saa ya kwenda ilikuwa imefika. Cucu akasema, "Hata tulikuwa tunaelekea," na hapo hapo akaanza kueleza habari za mahindi. Wa Kamakis akakohoa kwa niaba ya kiti.

"Basi tuombe muende," baba mkubwa akasema. Akatutazama sote watatu, kidole kikitafuta, kikanifikia. Akaniita kwa jina. Jina lile lile, na wengine wawili hawakugeuka.

Nikaweka kikombe chini. "Tufunge macho," nikasema, na nilipochungulia nikaona cucu tayari ameinuka kitini, begi mkononi, amefunga macho yake kabisa.